Shule ya Famasia kama Nilivyoikuta

Walimu wangu, shikamooni. Wadogo zangu mnaofikiria kusoma famasia, hamjambo. Nimeombwa nieleze masomo haya yalivyo kwa anayekaa kwenye dawati, tena nimeambiwa nisiyapambe. Niko mwaka wa mwisho, uchovu ninao, na ulimi nao umelegea kidogo. Mtanivumilia.

Wengi mnakuja mkidhani mtapewa orodha ya magonjwa na dawa zake, mkariri, mhitimu, mkafungue duka. Orodha ipo na kukariri kupo, sitawaficha. Majina yatawatesa mpaka mgundue kwamba yana ukoo. Captopril, enalapril na lisinopril ni ndugu, wote wa kushusha presha. Zinazoishia na "-olol", kama atenolol na propranolol, hupunguza kasi ya moyo. Ukishazijua koo, mzigo unapungua. Ila wamo pia wanaofanana bila undugu wowote: hydroxyzine ni ya mzio na muwasho, hydralazine ni ya presha. Zisome haraka kwenye mwandiko mbaya, uone.

Mimi lakini kilichonishangaza ni hesabu. Si ngumu hata kidogo, ni kuzidisha na kugawanya tu. Ugumu wake ni kwamba huku hakuna maksi za njia. Ukikosea nukta, mtoto anapewa dozi mara kumi ya ile aliyostahili, na hakuna atakayesifu jinsi ulivyopanga kazi yako vizuri. Miligramu moja ni mikrogramu 1,000, na zipo dawa zinazopimwa kwa mikrogramu hamsini tu. Adrenalini ya 1:1,000 ina miligramu moja katika kila mililita. Ya 1:10,000 ina sehemu ya kumi ya hiyo, na chupa zinaweza kukaa rafu moja. Walimu watawakaripia mkiandika ".5" badala ya "0.5", na watawakaripia tena mkiandika "5.0" badala ya "5". Mwanzoni nilidhani ni ukali wa bure. Sasa nukta isiyo na sifuri mbele yake nikiiona hata kwenye tangazo la ukutani, mkono unaniwasha niirekebishe. Nukta ile ikififia, nusu inasomeka tano, na tano inasomeka hamsini.

Somo nililolipenda kuliko yote ni lile la safari ya dawa mwilini. Kila dawa ina muda wake wa kupungua nusu. Muda huo ukipita mara tano, inabaki kama asilimia tatu tu. Ndiyo sababu moja ya kuwepo kidonge cha mara tatu kwa siku na kingine cha mara moja. Nilikuwa nadhani ni utaratibu tu wa hospitali.

Chukueni parasetamoli, ambayo kila mtu anaidharau. Sehemu kubwa ya dawa hii ini huibadilisha ikatoka kwenye mkojo bila shida. Sehemu ndogo hugeuka sumu, na ini lina akiba ya kemikali ya kuizima sumu hiyo. Mtu mzima akizidisha sana kikomo chake cha gramu 4 kwa siku, akiba inakwisha, sumu inaanza kuua seli za ini lenyewe. Kinachotisha ni kwamba siku ya kwanza anaweza kuhisi kichefuchefu tu, au asihisi chochote, akaona amepona. Dawa ya kuokoa ipo, inaitwa asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa nane. Tangu siku tuliyofundishwa hilo, mtu akiniambia amekunywa "za maumivu za kawaida tu", lazima nimuulize ngapi, na saa ngapi.

Somo linalolaza watu ni sheria. Nami nilisinzia, mpaka tulipofika mwaka 1937. Kule Marekani, kampuni moja ilitaka kuuza sulfanilamidi kama dawa ya maji, ikaiyeyusha kwenye diethilini glikoli, ambayo ni sumu. Watu zaidi ya mia moja walikufa, wakiwamo watoto wengi. Sulfanilamidi yenyewe ilikuwa dawa inayojulikana; kilichoua ni kiyeyushi. Na sheria ya wakati huo haikumtaka mtengenezaji ahakikishe usalama kabla ya kuuza. Sheria mpya ilikuja mwaka uliofuata. Kwa hiyo mtakapofundishwa kwa wiki nyingi kuhusu vitu vinavyochanganywa na dawa, unga wa kujazia, viyeyushi, rangi, msiseme hayo si dawa.

Kemia ya kaboni? Mengi nimeyasahau, na wanaosema hawajasahau nawashuku.

Sasa lawama yangu. Shule inatufundisha dawa vizuri na watu kidogo. Mazoezi ya kuzungumza na mgonjwa tunafanya sisi kwa sisi, na mwenzako akiigiza mgonjwa hujibu kama kitabu. Mgonjwa halisi ukimuuliza "umeelewa?" atasema ndiyo, kwa adabu tu, kisha ataondoka. Ilibidi nijifunzie kwenye mafunzo ya vitendo kwamba swali la maana ni "hii utainywa vipi?", halafu unanyamaza.

Kubwa zaidi ni lile la kumpigia daktari. Tunafundishwa kuona kosa kwenye cheti cha dawa, na mtihani unatupa maksi kwa kuliona. Lakini kuliona ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kupiga simu kwa mtu aliyekuzidi umri na cheo, mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni, umwambie dozi aliyoandika inakutia wasiwasi. Sauti inakauka. Niliyemwona akiifanya vizuri ni mfamasia mmoja mzee: hakusema "umekosea". Alitaja uzito wa mtoto, akataja dozi iliyoandikwa, akauliza kama ndivyo daktari alivyokusudia. Upande wa pili ulikaa kimya kidogo, kisha dozi ikabadilishwa. Simu haikufika dakika mbili. Sijawahi kukaa kwenye kipindi kilichofundisha hilo, na walimu wangu mko hapa, kwa hiyo nimelisema mkiwapo.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Mwenye swali aulize. La kemia ya kaboni muulizeni mwingine.