Jinsi ya kumpa developa kazi ya websaiti bila kupoteza jina, pesa wala wateja wako

Hamjambo watu wangu, karibuni tena. Leo niko hapa Dunga, Kisumu, hizo sauti mnasikia nyuma ni watu wa boti wanashusha samaki, mtanivumilia, nimejaribu kusogeza maiki karibu na mdomo. Wale mnanifuata mnajua mimi nasuka vikapu na viti vya magugu-maji, lakini leo sishiki magugu, leo nashika simu na laptopu, kwa sababu kila wiki kuna mtu ananiuliza inboksi, dada, nimepata kijana wa kunitengenezea websaiti, nimtumie pesa? Na mimi kila wiki najibu kitu kile kile, kwa hivyo wacha niseme yote mara moja na nikuonyeshe kwa skrini.

Mimi hii kitu ilinichoma. Nilimpa kijana mmoja kazi, mpole sana, kazi yake nilikuwa nimeiona na ilikuwa safi. Aliniambia, "Mama, mambo ya domeini, lile jina la websaiti, niachie mimi, wewe nitumie tu picha." Nikamtumia picha na pesa, websaiti ikatoka vizuri, nikachapisha kadi 500 zenye anwani ya hiyo websaiti. Mwaka ulipoisha domeini ikaeksipaya, na rimainda zote zilikuwa zinaenda kwa emaili yake, si yangu. Kijana alikuwa amepata kazi mbali na kubadilisha namba. Nikaandikia kampuni iliyouza hilo jina, wakaniuliza swali moja tu, akaunti iko kwa jina la nani? Si langu. Basi nikakaa hapa mezani na biki nikikata ile anwani kwa kadi moja baada ya nyingine, na mgeni mmoja aliyekuwa ameniagiza vikapu 40 akafikiri nimefunga biashara. Huyo kijana hakuniibia. Hakukuwa na wizi pale. Ni vile tu mlango wa biashara yangu ulikuwa na ufunguo mfukoni mwa mtu mwingine, na mimi ndiye niliyeuweka huko.

Sasa twende kazi.

Hatua ya kwanza, na ukiacha zingine zote usiache hii. Kabla hujamlipa developa hata shilingi, fungua Gmail mpya ya biashara, si ile yako ya kila siku. Weka namba yako ya simu hapo, washa ile verifikesheni ya hatua mbili, halafu pasiwadi andika kwa daftari uifungie nyumbani. Hiyo emaili ndiyo itabeba kila kitu. Ukimaliza, nunua domeini mwenyewe. Majina yote yanayoishia na .ke yanasimamiwa na KeNIC, lakini wewe utanunua kwa kampuni inayoitwa rejistra, na .co.ke kwa kawaida haifiki elfu mbili kwa mwaka, na unalipa kwa M-Pesa. Si kazi ya kitaalamu, ni kama kununua tokeni za stima. Angalia hapa kwa skrini, wananiuliza mwenye jina ni nani. Hapa naandika jina la biashara, namba yangu, na ile emaili mpya. Hapa chini kuna mahali pa mtu wa mambo ya kiufundi, hapo ndio unaeza kumweka developa, hakuna shida, lakini mwenye jina ni wewe.

Na kama tayari websaiti unayo? Nenda kwa KeNIC, tafuta mahali wameandika whois, andika jina la domeini yako hapo, bonyeza. Itakuonyesha tarehe ya kuisha na rejistra ni nani. Halafu mpigie developa leo, kabla hamjakosana, umwambie aihamishe kwa akaunti yako au akupe ile namba ya siri ya kuhamisha, wao wanaiita kodi ya EPP. Mtu muungwana anakupa siku hiyo hiyo. Ukiona anaanza kusema mambo ni magumu, hayo si magumu.

Fikiria unajenga nyumba kule Nyamasaria. Ungemwachia fundi aende aandikishe ploti kwa jina lake ati kwa sababu yeye ndiye anajua kupiga matofali? Hapana. Sasa mbona huku tunakubali.

Hostingi pia, ile nyumba yenyewe ambapo mafaili yanakaa, nunua kwa hiyo hiyo emaili. Developa atengenezewe login yake. Kama anatumia WordPress, ile programu ya kutengenezea websaiti, wewe uwe Administrator, mwenye mamlaka yote, tangu siku ya kwanza, si Editor. Nimeona watu wamepewa Editor wakafurahi, wanabadilisha picha na maneno, hawajui hawawezi hata kumtoa mtu. Na kama ni kodi, yale maandishi ya programu, anaandika mwenyewe kutoka mwanzo, fungua akaunti yako ya GitHub, mahali pa kuhifadhi kodi mtandaoni, ni bure, umwalike afanyie kazi humo ndani. Akiondoka katikati, ile kazi imefika nusu iko kwako na mtu mwingine anaendelea kutoka pale.

Hatua ya pili, kumchagua huyo mtu. Usiangalie picha za websaiti alizokutumia kwa WhatsApp, omba linki 3 ambazo ziko hewani saa hii, zifungue kwa simu ya Android ya bei ya chini ukiwa na bando, si kwa WiFi ya hoteli, maana wateja wako wengi ndivyo watafungua. Halafu hapa chini kabisa kwa websaiti kuna namba ya simu ya mwenyewe. Ipigie. Uliza maswali mawili: alimaliza kwa siku alizosema? Na kitu kikiharibika saa hii, anashika simu? Dakika tano tu. Mimi nilikuwa naona aibu kupiga, saa hii sioni.

Muulize pia kama ni yeye mwenyewe atafanya. Wengi wanachukua kazi hapa Kisumu halafu wanampa mwingine, na huyo mwingine anampa mwingine, na wewe hujui pasiwadi zako zimelala kwa nani. Si vibaya akiwa na wenzake lakini uwajue, na mkataba useme hakuna kupitisha kazi bila wewe kukubali.

Mkataba sasa. Najua mtu anasema, aah, huyu ni mtoto wa jirani, tutaandikiana mkataba kweli? Ndio, hasa mtoto wa jirani, ndio msije mkakosana mkiwa mnaonana kila Jumapili kanisani. Si lazima uwe wa wakili. Kurasa mbili zinatosha, lakini ziseme vitu vya kushikika. Usiandike "websaiti nzuri ya kisasa". Andika: ukurasa wa mwanzo, ukurasa wa bidhaa wenye bidhaa 30, kila bidhaa picha 3, kapu la kununulia, malipo ya M-Pesa, ifunguke vizuri kwa simu. Nani anaandika maneno na nani anapiga picha, maana kazi nyingi zinakwama hapo na developa analaumiwa bure wakati ni sisi tumekaa na picha wiki tatu. Marekebisho ni mara ngapi, mimi naweka mara 2 kwa kila sehemu, zaidi ya hapo namlipa, na hiyo ni haki yake. Itakuwa tayari tarehe gani. Akichelewa tunafanyaje. Baada ya kumaliza atarekebisha makosa bure kwa muda gani, mimi naomba miezi 3. Na mstari mmoja usikose: kodi ya programu, picha, muundo na databesi, yaani hifadhi ya taarifa za websaiti, vyote ni mali ya mwenye biashara malipo yakikamilika. Mkishaweka saini kila mtu anabaki na kopi yake.

Kama kuna wateja wataacha majina na namba zao hapo, kuna jambo lingine watu hawalijui. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema wewe mwenye biashara ndiye unaulizwa kuhusu hizo taarifa, na yule unayempa azishughulikie lazima muwe na mkataba wa maandishi kwamba atazitumia vile umemwagiza peke yake. Zikivuja kwa njia ya kuumiza watu, unatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Kwa hivyo usimpe developa orodha ya kweli ya wateja wako ati ajaribie nayo. Mpe majina ya kubuni na namba za kubuni. Mimi nilimpa wa kwangu "Mama Samaki" na "Baba Ndege", na mfumo ulifanya kazi tu.

Pesa. Usitoe yote mbele, na usitoe hata nusu. Mimi nagawa hivi: 30 kwa 100 ya kuanza, 30 nikiona kurasa zinafunguka kwa simu yangu, 30 malipo na kapu vikifanya kazi, na ile 10 ya mwisho inabaki mpaka amenikabidhi kila kitu na mwezi mmoja umepita. Kila malipo yanafuata kitu nimekishika, si maneno ya "iko karibu". Lakini na wewe kitu kikifika, lipa siku hiyo. Usimzungushe mtoto wa watu, ana kodi ya nyumba, na developa aliyezungushwa ndiye anakuja kukuzimia websaiti. Tuma kwa M-Pesa, si keshi mkononi, na kwa WhatsApp umwandikie hii ni ya kazi gani.

Kama umempata mtu wa mbali, labda India au Ukraine, pitia mtandao kama Upwork ambapo pesa inashikiliwa katikati na inatoka kwa vipande mkikubaliana. Maana na huyu wa hapa mkishindwana kabisa una Mahakama ya Madai Madogo, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaweza kujisimamia bila wakili na kesi inafaa kuisha ndani ya siku 60. Wa mbali utampeleka wapi?

Sasa njooni karibu na hii skrini, hapa kwa M-Pesa ndio moyo wangu unagonga. Safaricom wana mahali panaitwa Daraja, developa anaunganisha websaiti na Till au Paybill yako hapo. Kuna funguo tatu, consumer key, consumer secret na passkey. Hizo ni kama PIN ya biashara. Akaunti ya Daraja iwe ya emaili yako, na aanze kwa sandbox, sehemu ya majaribio, pesa ya kweli isitembee. Siku ya kuwasha, nunua kitu mwenyewe. Angalia, nimeweka bidhaa ya majaribio ya shilingi 10, nabonyeza lipa, simu inaleta ile boksi ya PIN... subiri... imekuja. Usiweke PIN bado. Soma. Imeandika utalipa shilingi 10 kwa nani? Hapa ni jina la biashara yangu. Sawa, sasa naweka PIN. Kama ingekuwa jina la mtu mwingine ningekansel na kumpigia developa hapo hapo, kwa sababu kuna watu wanaunganisha Till yao wakiahidi watakutumia jioni. Hata kama ni mwaminifu kama malaika, usikubali. Halafu jaribu na makosa pia: weka PIN mbaya, kansel katikati, zima data, uone kama websaiti itasema umelipa wakati hujalipa. Yangu ya kwanza ilikuwa inasema asante kwa malipo hata ukikansel! Tungetuma vikapu bure mwezi mzima.

Muulize pia kama ile thimu (sura ya websaiti) na plagini (vipande vya kuongeza kazi) amezinunua, na akuonyeshe risiti au leseni ikiwa kwa emaili yako. Zile za kuibwa za bure mara nyingi zimefichwa virusi ndani, siku moja mteja anafungua duka lako anakuta matangazo ya kamari.

Siku ya kukabidhiwa, kaeni pamoja, mahali kuna intaneti nzuri, sisi tulikaa Mega Plaza masaa mawili. Apakue bakapu yote, mafaili na databesi, aiweke kwa flashi yako, halafu mwambie airudishe mahali pengine pa majaribio ukiona kwa macho yako. Ya kwangu mara ya kwanza iligoma, databesi haikuwemo, tulikuwa na picha tu bila bidhaa hata moja. Kisha badilisha pasiwadi zote yeye akiwa hapo: emaili, rejistra, hostingi, WordPress. Funguo za Daraja tengeneza mpya. Ingia mahali pa watumiaji, mtoe kwa Administrator, akihitaji kurudi kurekebisha utamfungulia akaunti na ufunge akimaliza. Mwambie mapema kwamba utafanya hivi, asione ni kama humwamini, wa kwangu wa sasa alifurahi, alisema hata yeye amepumzika kwa sababu kitu kikiharibika hakuna wa kumshuku.

Halafu toa simu, fungua kalenda, ingia tarehe ya domeini kuisha, rudi nyuma siku 45, weka ukumbusho. Andika "lipa domeini", na uweke ijirudie kila mwaka. Mimi yangu imewekwa kwa simu yangu na kwa simu ya binti yangu.