Nimeingia kwenye mtambo wa majitaka huku Ohio, msikimbie!

Oyaa wanangu wa Vingunguti, wakubwa shikamooni. Leo niko sehemu ambayo mama akiniona ataniuliza, hiki ndo ulichofuata Marekani? Ni mtambo wa kusafisha majitaka wa kimji chetu, jirani yangu ndo fundi hapa, kaniruhusu nirekodi ila kasema nisiguse kitu.

Hapa mwanzo kuna chujio la chuma, na hizi mnazoona ni waipsi za watoto, pakiti imeandikwa kabisa unaweza kuflashi, na mimi mwenyewe nimezitupa chooni mwaka mzima. Jamaa kanionyesha rundo limejisokota kama kamba ya katani, ndo linalokaba pampu zake. Nikaangalia viatu vyangu.

Haya, njooni huku kwenye tanki linalochemka. Sio moto, ni hewa inapulizwa kutoka chini usiku na mchana. Rangi kama chai ya maziwa, na harufu, wallahi, sio ya choo, ni udongo uliolowa mvua. Humo kuna bakteria wanakula vinyesi vyetu. Mi nilijua wanatia dawa tu maji yang'ae, kumbe ishu ni pumzi! Ukimwaga kinyesi mtoni bakteria watakila vilevile, ila watakula huku wanavuta oksijeni ya mto, samaki wanakosa hewa wanakufa. Sasa hapa wanawalisha humu ndani, kwa hewa ya kulipia umeme, halafu kwenye tanki linalofuata bakteria wanazama chini, wengi wao wanarudishwa kazini, maji ya juu yanapita kwenye taa za UV za kuua vijidudu, ndo yanaingia kijitoni.

Na kijito hiki kinaishia mto Cuyahoga. Huo mto uliwaka moto Cleveland 1969, mto jamani, mafuta na taka za viwandani, na haikuwa mara ya kwanza. 1972 ikapita sheria ya maji ya nchi nzima, na 2019 jimbo likalegeza masharti ya kula samaki wake.

Najua mtasema huko kwetu mvua ikinyesha watu wanatapisha vyoo, yote mto Msimbazi. Kweli. Ila mabwawa yetu ya majitaka ya Vingunguti kazi yake ni hiihii, bakteria walewale, tofauti hewa yao inaletwa na jua na mwani, bila luku! Shida yake yanataka eneo kubwa na tope lizolewe, likijaa maji yanapita tu hayajaiva.

Hii chupa ni maji yanayotoka mtamboni. Inafungiwa nyuzi 20 siku 5, waone bakteria waliobaki wamevuta oksijeni kiasi gani, wastani wa mwezi usizidi miligramu 30 kwa lita. Leo Alhamisi, majibu Jumanne, nitayaweka kwenye komenti.