Mtambo wa Kwanza wa Kukeneka: Fuata Njia ya Mvuke

Karibuni, ndugu zangu. Leo tunazungumzia vifaa vya mtu anayetaka kujiundia mtambo wake wa kwanza wa kukeneka, yaani kuchemsha pombe na kuupoza mvuke wake, kutokana na kegi, lile pipa la chuma la bia. Nianze na sheria, maana ndiyo watu huiruka. Nchi nyingi haziruhusu kukeneka pombe bila leseni, hata kama utainywa peke yako. New Zealand iliruhusu mwaka 1996, lakini wewe fuata sheria ya unakoishi, na uijue kabla hujatoa hela.

Haya, kegi. Wengi huipendea ukubwa, mimi naipendea mdomo. Kegi nyingi za lita 50 zina shingo ya inchi 2 hivi, na ukingo wake hukubali kibano cha mabomba ya inchi 2, kile kinachotumika kwenye viwanda vya maziwa. Kwa hiyo hukati wala huchomelei juu. Unaweka gasketi, unafunga kibano, basi. Ukishaupata mdomo, saizi ya bomba la juu, lile linalopandisha mvuke, imejichagua yenyewe.

Hakikisha ni chuma cha pua kisichoshika kutu. Zipo kegi za alumini, na pombe iliyochachuka ina asidi inayoila alumini. Sumaku haitakusaidia: alumini haishiki, na chuma cha pua cha kegi nyingi nacho hakishiki. Soma maandishi yaliyogongwa juu. Na tafadhali, kegi iwe yako kweli. Amana uliyoacha dukani haijakupa umiliki. Kegi bado ni mali ya kiwanda.

Ndani ya shingo kuna mrija mrefu ulioshikiliwa na pete. Usiiguse pete hiyo kabla hujatoa gesi yote. Mrija ukifyatuka kwa presha iliyobaki, utakupiga usoni kwa nguvu ya kuua.

Kuanzia hapo juu, nawashauri shaba nyekundu. Sababu si urembo, ingawa nakiri inapendeza. Chachu huacha harufu za salfa, na shaba huzikamata mvuke unapopita. Si lazima mtambo mzima uwe wa shaba. Bomba la juu na kiwiko, yaani kipande kilichopinda, vinatosha. Mnara mrefu wenye vijazio ndani uacheni kwanza. Bomba fupi, kiwiko, na kipozeo cha kuugeuza mvuke kuwa matone: mtu wa mara ya kwanza ajifunze kwa hicho.

Kipozeo rahisi ni bomba ndani ya bomba: la milimita 15 linapitisha mvuke, la milimita 22 linalifunika, na maji yanapita katikati yao. Maji yaingie chini yatokee juu, ili nafasi yote ijae na mvuke ukutane na maji baridi zaidi karibu na mlango wa kutokea. Urefu gani? Anza na joto. Ukichemsha kwa kilowati 3, karibu kilowati 3 hizo zote lazima zichukuliwe na maji. Maji yakiingia kwa nyuzi 20 na kutoka kwa 60, utahitaji takriban lita moja kwa dakika. Bomba la mita moja ni pa kuanzia. Ukiona mvuke unatoka mwishoni badala ya matone, punguza moto mara moja.

Moto wenyewe uwe wa umeme kama unaweza. Mvuke wa pombe ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, na huko ndiko lilipo jiko la gesi. Hita ya kilowati 3 itazifikisha lita 37 karibu na kuchemka kwa saa moja na kidogo. Hita izame muda wote, iwe na waya wa ardhi, na kegi usiijaze zaidi ya robo tatu, maana povu likipanda litaingia kwenye kipozeo.

Sasa viungo, na hapa msinibanie: lehemu isiyo na madini ya risasi, bila mjadala. Rejeta ya gari kuukuu isitumike kama kipozeo, kwa sababu lehemu yake huwa na risasi, na risasi hailevyi wala hainuki, inakusanyika tu mwilini. Bomba la bati lililopakwa zinki, hapana. Plastiki na mpira wa kawaida kwenye njia ya mvuke, hapana. Gasketi ziwe za tefloni. Kitundu kidogo kinachovuja, kizibe kwa unga wa ngano uliokandwa na maji, fundi wa zamani alivyofanya.

Na kati ya kegi na tone la mwisho pasiwe na valvu hata moja. Lita moja ya maji huwa karibu lita 1,700 za mvuke. Ukiifungia, umeunda bomu. Mdomo wa kipozeo uwe wazi, na mrija wa kupokelea usizame ndani ya chupa.

Mtambo ukikamilika, chemsha maji matupu kwanza uone panapovuja. Halafu maji na siki, mvuke usugue mafuta na masalia ya lehemu. Mara ya tatu ni pombe hafifu, na kitakachotoka chote kimwage, hata kikinukia vizuri.