Bahari kujaa mara mbili na mwezi ni mmoja, imekaaje?

Asalam aleikum jamani, watu wa Amu, yaani Lamu, wa Shela, wa Matondoni, na wa Malindi pia sijawasahau. Leo niko Bristol hapa Uingereza, hebu niwageuzie kamera muone huu mto, chini tope tupu si ndio? Sasa asubuhi nilipita hapa hapa maji yamefika kule juu kwenye ile alama nyeusi ya ukuta. Wallahi nilisimama nikaduwaa. Kwetu bamvua, yaani yale maji makubwa kabisa ya mwezi, likijaa ni mita tatu na kitu, huku mdomoni mwa mto tofauti ya kujaa na kupwa inafika kama mita 14, yaani ghorofa nne nzima!

Ndio nikakumbuka binamu yangu aliniuliza wasap, maji yanajaa mara mbili kwa siku na mwezi ni mmoja, vipi? Swali zuri mno, sababu sisi tuliambiwa tu mwezi unavuta maji, basi.

Sikizeni. Chukua mashua tatu zimefuatana, ya mbele imepata upepo mkali, ya kati wastani, ya nyuma mchache. Baada ya muda ya mbele imeiacha ya kati, ya kati nayo imeiacha ya nyuma. Ukiwa umekaa ile ya kati unaona zote mbili zinakuwa mbali na wewe, moja huku moja kule, na ile ya nyuma hakuna aliyeirudisha, imeachwa tu. Basi upepo ndio mvuto wa mwezi, karibu mkali, mbali mchache: ya mbele ni maji yanayoutazama mwezi, ya kati ni dunia yenyewe, ya nyuma ni maji ya upande wa pili. Maji yanavimba pande zote mbili, na dunia ikijizungusha Amu inapitia uvimbe mara mbili. Na kwa kuwa mwezi nao unatembea, kujaa mpaka kujaa ni saa 12 na dakika 25, ndio maana kila siku maji huchelewa kama dakika 50.

Jua nalo linavuta, chini kidogo ya nusu ya nguvu ya mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu vinasaidiana, bamvua hilo. Ukiwa nusu kila kimoja kinavuta kwake, ndio maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana.

Babu yangu hakuwa na programu ya simu, aliuliza tu "leo mwezi ngapi?", yaani siku ya ngapi tangu uandame, ukimwambia 15 au 16 ashajua asubuhi kwenye saa nne maji yamekauka na saa kumi jioni yamejaa. Kuna nahodha siku moja hakuuliza, akatupitisha Mkanda, ule mkondo mwembamba wa kwenda Pate, maji yanapwa, tukakwama kwenye tope na mikoko mpaka giza, watoto wanalia njaa. Mpaka leo ile elimu ya babu naiheshimu sana.

Sasa huku mbona mita 14? Ghuba yao mdomoni pana, ndani inabana na kina kinapungua, maji hayana pa kwenda ila juu, halafu yanayumba kama maji ya beseni ukilisukuma kwa mpigo wake. Meli zilikuwa zikilala kwenye tope, mpaka mwaka 1809 wakamaliza kuweka mageti ya kufungia maji bandarini.

Haya, yameanza kurudi, oneni hapo! Bamvua likija, aliye gatini anirekodie saa kumi jioni maji yakigusa ngazi ya juu, nataka niiweke pamoja na hii.