Wenzetu Wakigawanyika, Wakatoliki Tusishangilie

Tumsifu Yesu Kristo. Asanteni, kaeni. Nimeombwa niongelee yanayoendelea kwa ndugu zetu wa madhehebu mengine, na najua wengine mmekuja mkitegemea niwachambue Waanglikana tucheke kidogo halafu twende nyumbani, hilo leo mtalikosa.

Ila tuanze na hao hao maana ndio habari kubwa. Oktoba 2025 Sarah Mullally katangazwa Askofu Mkuu wa Canterbury, yaani kiongozi wa heshima wa Waanglikana duniani, mwanamke wa kwanza, na mwezi haujaisha GAFCON, ule umoja wa Waanglikana wenye msimamo wa zamani ulioanzia Jerusalem 2008, wakatoa tamko kwamba Canterbury sio kiungo chao tena. Watu wakasema aa, ni sababu ya mwanamke. Sio yote hiyo jamani, Februari 2023 sinodi, yaani baraza kuu, la Kanisa Anglikana la Uingereza ilishakubali maombi ya baraka kwa wapenzi wa jinsia moja, na mwezi huohuo maaskofu wakuu kadhaa wakasema Justin Welby, aliyekuwa Canterbury wakati huo, sio kiongozi wetu tena. Ugomvi wenyewe ni nani ana neno la mwisho, kwa sababu yule wa Canterbury anaheshimiwa sana lakini hawezi kumwamuru askofu mkuu wa nchi nyingine, maaskofu wao wa dunia nzima wanakutana kwenye mkutano wa Lambeth wanapitisha azimio (lile la 1998 kwamba ndoa ni ya mume na mke halijafutwa mpaka leo) halafu kila mtu anarudi kwake anafanya anavyoona.

Basi tupige kura? Wamethodisti wa United Methodist walipiga. 2019 waliotaka msimamo wa zamani kuhusu wapenzi wa jinsia moja wakashinda, lakini hao hao walioshinda ndio wengi wao wakaja kuondoka, kama robo ya sharika zao Marekani zimetoka, 2022 likazaliwa kanisa lao jipya la Global Methodist, na 2024 mkutano mkuu pale Charlotte ukafuta yale makatazo yaliyoshinda 2019. Ushindi wa kura ulidumu miaka mitano tu.

Waorthodoksi nao wana maaskofu halali na sakramenti zote saba, hilo sisi wenyewe tunalikiri, na bado tangu 2018 Kanisa la Moscow limekata ushirika na lile la Konstantinopoli kwa ugomvi wa nani ana mamlaka juu ya kanisa la Ukraine.

Sasa naona mnatabasamu, "sisi tunaye Petro," yaani Papa. Kweli tunaye. Lakini Desemba 2023 ilipotoka Fiducia Supplicans, hati ya Vatikani iliyoruhusu baraka kwa wapenzi wa jinsia moja, si tulirushiana maneno mpaka aibu? Maaskofu wa Afrika wakasema Januari 2024 kwamba baraka hizo kwao hapana, Kardinali Ambongo, mkuu wa maaskofu hao, alikwenda Roma, wakaongea, tamko lao hilo likatoka Papa Fransisko akiwa analijua. Makelele yalikuwepo, ila hakuna aliyefungua kanisa lake, na hapo ndipo ninapoona kazi ya Petro, sio kwamba hatugombani.

Na hawa wanaokuja kwetu sasa hivi, wapokeeni, Papa Benedikto aliwawekea utaratibu Waanglikana tangu 2009. Ila mtu akija kwa hasira tu na askofu wake mfundisheni polepole, maana siku akimkasirikia wa kwetu ataondoka vilevile.

Haya maswali. Lile la kushiriki meza ya Bwana kwao ukialikwa harusini, jibu ni hapana, kaa tu waombee maharusi, na mwenye hasira na jibu hilo anisubiri pale mlangoni tuongee.