Mchunga wa nazi, kutoka shambani hadi chunguni

Karibuni, watazamaji. Tuko pembezoni mwa shamba la mihogo huku Muheza, mkoani Tanga, wakati wa masika, na hili ambalo wakulima wengi huling'oa kama gugu ndilo mchunga, mboga ninayoipenda kuliko zote kwa sababu ya uchungu wake.

Tazameni kwa karibu: jani ni refu na jembamba, lina ncha za pembeni zinazofanana na vipembe, na nikilivunja, utomvu mweupe unatoka papo hapo. Msiutambue mmea kwa utomvu peke yake, maana mnyaa nao hutoa utomvu mweupe, na ule huunguza macho. Angalieni jani, shina lenye uwazi ndani na ua la njano kwa pamoja, na mkibaki na shaka, waulizeni wenyeji wanaouchuma kabla ya kuupeleka jikoni. Chumeni majani machanga, mbali na barabara kuu na mbali na shamba lililopigwa dawa ya magugu. Mizizi iacheni ardhini, kwa kuwa huchipua tena.

Osheni, katakateni, chemsheni kwa dakika 10 hivi, mwageni maji, kisha kamueni. Nazi ikishakunwa, kamueni tui zito, mliweke kando, halafu kamueni tui jepesi. Mimi huchuja kwa kifumbu cha ukindu, kwa sababu machujio mengi ya plastiki hupitisha chicha.

Tui jepesi, kitunguu, nyanya, chumvi na mchunga vinaingia chunguni pamoja, navyo vichemke hadi maji yapungue. Subirini kidogo, mvuke umefunika kamera, naifuta. Sasa punguzeni moto kabla ya kutia tui zito, nasisitiza, kabla ya kulitia, kisha korogeni bila kupumzika, mkiteka kwa upawa na kumimina, mpaka lichemke. Msifunike chungu, msiende kupokea simu, na msitie limau sasa, kwa sababu ukali wake hulikata tui. Mnaona pale pembeni linavyoanza kufanya chembechembe? Hapo ndipo tui linapokatikia, kwa hiyo moto naupunguza tena na mkono hausimami.

Limechemka, na mchuzi umekuwa laini na mzito. Epueni mara moja. Mimi hula na bada, yaani ugali wa unga wa muhogo, na samaki wa kukaanga, na limau kila mtu ajikamulie kwenye sahani yake.