Tuzo Huandikiwa Aliyeshindwa

Salaam aleikum, hamjambo nyote. Nashukuru kwa mwaliko, na kwa kahawa tungu, ingawa yangu imeshapoa.

Nianze na neno lenyewe, maana limenitia tabuni miaka mingi. Usuluhishi. Mtu wa hapa Mvita akilisikia hukumbuka sulhu: wazee wakae barazani, kila upande ulegeze kamba, watu wapeane mikono. Basi akija mbele yangu hungoja nimgawie nusu kwa nusu. Hiyo ni kazi ya mpatanishi, tena kazi njema. Mimi msuluhishi, chini ya Sheria ya Usuluhishi ya Kenya ya 1995, nasikiza ushahidi kisha naamua: huyu amlipe huyu, kiasi hiki. Uamuzi huo tunauita tuzo, jina la ajabu kwa karatasi inayomtoa mtu mamilioni.

Uwezo huo nimepewa na nani? Na hao hao wawili wanaozozana, siku walipotia sahihi mkataba wakiwa bado wanapendana, katika kile kipengee cha nyuma kisichosomwa na mtu. Pengine kinasema mzozo ukaamuliwe London. Mikataba ya kukodi meli ina mambo hayo sana. Na kwa kuwa Kenya imo katika Mkataba wa New York wa 1958, ambao nchi zimekubaliana kuzitambua tuzo za nchi nyingine, tuzo ya London yaweza kudaiwa hapa hapa.

Niwape kisa. Majina siwapi, siri ndiyo inayowaleta watu kwetu. Ghala la Likoni, mwenyewe na mkandarasi wake, sakafu imepasuka. Tukakubaliana sote twende tukaione. Asubuhi mwenye ghala akanipigia honi nje ya ofisi: "Sheikh, panda, gari ina kiyoyozi." Nikamshukuru, nikavuka feri kwa miguu, jua la Februari, nami nimevaa suti! Ng'ambo nikamkuta mkandarasi kashika kikapu cha halua. Nikakirudisha.

Mnacheka. Lakini kifungu cha 19 cha Sheria yetu ile chataka pande mbili nizitendee sawa, na kifungu cha 35 champa aliyeshindwa miezi 3 kwenda Mahakama Kuu kuomba tuzo ifutwe. Huko hasikizwi kwa kusema tu kwamba sikumwamini shahidi wake. Akisema alinyimwa nafasi ya kujieleza, au nilipanda gari la mwenzake, hapo ana neno.

Ndiyo maana nikiandika simfikirii mshindi. Yeye hufungua ukurasa wa mwisho, akaona tarakimu, basi. Anayesoma kila mstari ni wakili wa aliyeshindwa, anatafuta ufa. Hoja zake zote nazitaja, hata zile dhaifu, na nasema kwa nini sikuzikubali.

Wa Likoni alishindwa mkandarasi. Akanung'unika, akalipa, mahakamani hakwenda. Halua yake sijaionja mpaka leo.

Haya, maswali. Tuanze na dada yule wa nyuma.